Kazi ya programu, muziki na kamera: namna ya kuvipanga vikae wiki moja

Anayetengeneza bidhaa za programu, awe meneja wa bidhaa, mhandisi au mbunifu, na papo hapo anarekodi nyimbo na kupiga picha, kwa kawaida hulalamikia muda. Ukikaa na kalenda yake, mara nyingi saa utazikuta. Kinachokosekana ni kichwa kinachofaa kwa kazi iliyowekwa kwenye saa hiyo. Saa mbili usiku baada ya mikutano sita, kuchagua picha 40 kati ya 600 ni adhabu. Kupiga gitaa nusu saa si adhabu hata kidogo. Kwa hiyo hapa hatugawi wiki kwa siku ya muziki na siku ya picha. Tunagawa kazi zenyewe kulingana na kichwa kinachohitajika, kisha tunaziweka pale ambapo kichwa hicho hupatikana.

## Kazi za maamuzi, za mwili na za mikono

Kundi la kwanza ni maamuzi: kuchagua picha, kupanga mfululizo wake, kuchanganya sauti, kuamua ubeti upi ubaki na upi ukatwe. Kazi ya bidhaa nayo ni maamuzi matupu: nini kiingie kwenye toleo lijalo, nini kisubiri, nani aambiwe hapana. Ukiyaweka maamuzi ya sanaa na ya kazini ndani ya siku moja, yanayokuja nyuma ndiyo yanayoumia. Maamuzi ya sanaa yapewe asubuhi kabla ya kufungua ujumbe wa kazini, au mwisho wa wiki kabla ya mchana.

Kundi la pili ni kazi za mwili: kupiga ala, kuimba, kutoka na kamera kutembea. Hizi hukaa vizuri mara tu baada ya kazi, kwa sharti moja: usikague ulichopata siku hiyohiyo. Rekodi, zima, ondoka. Ukianza kusikiliza na kuchagua umeshahamia kundi la kwanza bila kujua.

La tatu ni kazi za mikono: kutaja faili, kukata ukimya mwanzoni na mwishoni mwa traki (rekodi ya ala au sauti moja ndani ya wimbo), kupunguza kelele za pumzi, kuhamisha picha kutoka kwenye kadi, kuandika maelezo ya picha, kujaza fomu za msambazaji wa muziki (anayefikisha wimbo kwenye huduma kama Spotify). Hizi zinafaa hata siku mbovu kabisa. Ziwe na orodha yake pekee, ili jioni ukiwa umechoka uchukue ya juu bila kufikiri.

Kosa la kawaida ni kufungua mchanganyiko wa wimbo usiku kwa sababu ndio uliobaki wazi kwenye kompyuta. Masikio yaliyokaa ndani ya hedifoni tangu asubuhi hupokea vibaya sauti za juu, nawe unaziongeza. Kesho yake wimbo unakwaruza. Picha nazo zina mtego wake: skrini nyingi hubadilika kuwa za manjano jioni ili kulinda usingizi, nawe unasahihisha rangi ambayo haikuwa na tatizo, faili inaishia kuwa ya bluu. Zima marekebisho hayo ya skrini kabla ya kugusa rangi, na weka mwanga wa skrini kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba kama una kifaa cha kupimia. Kama huna, punguza mwanga hadi karatasi nyeupe iliyo kando ya skrini ionekane na weupe unaokaribia ule wa ukurasa mtupu.

## Hesabu ya robo mwaka

Timu nyingi za programu hupanga kwa robo mwaka na kufanya kazi kwa vipindi vya wiki mbili. Tumia kalenda hiyohiyo, maana ndiyo itakayokuvuruga.

Robo ina wiki 13. Toa wiki ya kupanga robo, wiki ya toleo kubwa, na wiki ya zamu ya dharura. Kama zamu zako ni mbili, toa mbili. Tuseme zinabaki 10. Kila wiki ipe vipindi viwili vya dakika 90 na kimoja cha saa 3. Hizo ni saa 6 kwa wiki, saa 60 kwa robo. Zinaonekana nyingi mpaka uzigawe.

Wimbo mmoja wa dakika nne unaorekodiwa nyumbani, wenye sauti ya mwimbaji na ala tatu au nne, hula saa 6 hadi 8 za kutunga na kupanga, nyingine kama hizo za kurekodi, 3 au 4 za kusafisha, 6 hadi 8 za kuchanganya, na 5 za marekebisho na karatasi za kuutoa. Jumla inazunguka saa 30. Mfululizo wa picha 20 haupo mbali na hapo: matembezi matano ya saa 3, saa 3 za kuchagua, dakika 15 kwa kila picha kwenye kusahihisha, na saa 6 au 7 za kupanga mtiririko, maelezo na kuzitoa. Wimbo mmoja na mfululizo mmoja kwa robo ndio ukomo, na hapo hakuna mwimbaji aliyeugua wala toleo lililosogezwa mbele. Anayepanga albamu ya nyimbo nane kwa miezi mitatu huku ameajiriwa siku nzima anapanga viporo.

Ndani ya robo, muziki na picha zisiwe katika hatua moja. Kimoja kiwe kwenye kukusanya (kurekodi au kupiga picha), kingine kwenye kumalizia. Kukusanya kunategemea vitu vya nje: mwanga, mvua, ratiba ya mwimbaji, jirani anayetoboa ukuta. Kumalizia kunakutegemea wewe peke yako. Mwanga ukikosekana Jumamosi, kipindi hakipotei; unahamia kwenye kile kinachomaliziwa. Ukiwa na viwili vinavyokusanywa, mvua moja inafuta wiki nzima. Ukiwa na viwili vinavyomaliziwa, saa zote 6 zinakuwa za maamuzi, na baada ya wiki tatu hutaki kuona lolote kati yake.

## Kutoka kazini bila kubeba kazi

Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu anayeacha kazi moja haijakamilika na kuhamia nyingine hubakiza sehemu ya umakini wake nyuma, na kazi ya pili huharibika kwa hilo. Mwaka 2018, yeye na Theresa Glomb walionyesha kwamba kuandika kwa ufupi ulipoishia na utakapoanzia ukirudi hupunguza tatizo hilo. Kwa mtu wa bidhaa matumizi yake ni rahisi: dakika 10 za mwisho wa siku ya kazi ziwe za kuandika mistari mitatu. Kilichobaki wazi. Kitendo cha kwanza kesho, chenye kitenzi ("mwulize mhandisi wa malipo kuhusu hitilafu ya kurudia makato", si "malipo"). Na jambo moja unalosubiri kutoka kwa mtu mwingine. Kisha funga programu ya ujumbe kwenye simu, usiinyamazishe tu. Iliyonyamazishwa bado inaonyesha alama ya ujumbe mpya, na alama hiyo inatosha kukurudisha kazini.

Fanya hivyohivyo upande wa pili. Kipindi cha sanaa kisiishe pale ulipochoka. Kiishe dakika 5 kabla, ukiandika kitendo cha kwanza cha kipindi kijacho ndani ya mradi wenyewe. Programu nyingi za kurekodi zina sehemu ya maelezo ndani ya faili ya mradi. Andika humo "rekodi upya mstari wa tatu wa ubeti wa pili, maikrofoni sentimita 20, pete ya kuongezea sauti kwenye 4". Asiyeandika hutumia dakika 25 za mwanzo kusikiliza wimbo wote mara tatu ili akumbuke alikuwa akitafuta nini, na katika kipindi cha dakika 90 hiyo ni zaidi ya robo.

## Chumba na mkoba viwe tayari

Kama kuanza kunachukua dakika 20, katikati ya wiki hutaanza. Lengo ni dakika 3 kutoka kukaa hadi kurekodi.

Kwa muziki, tengeneza mradi wa kiolezo na uufungue huo daima. Uwe na traki nane zilizokwisha kutajwa majina na kuunganishwa na matundu sahihi ya kadi ya sauti (kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta). Kina cha sauti kiwe biti 24. Kiwango cha sampuli, yaani sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde, chagua kimoja na ukishikilie: kHz 48 kama kazi zako huishia kwenye video, kHz 44.1 kama ni nyimbo tu. Kuchanganya viwango ndani ya mradi ndiko kunakoleta balaa linalowatesa wengi: faili ya 44.1 ikichezwa kama ya 48 bila kugeuzwa hukimbia kwa karibu asilimia 9 na kupanda karibu nusutoni moja na nusu. Mwimbaji anaonekana ametoka nje ya ufunguo, kumbe hana kosa.

Bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kuichakata, iwe sampuli 64 au 128 wakati wa kurekodi. Kwenye kHz 48, sampuli 128 ni kama milisekunde 2.7 kwa upande mmoja, ucheleweshaji usiosumbua. Ukifika kwenye kuchanganya, ipandishe hadi 1024, karibu milisekunde 21. Hapo hakuna anayeimba, na kompyuta inapata nafasi ya kupumua. Sauti ikianza kukatika wakati wa kurekodi, tatizo mara nyingi ni kwamba bafa bado ndogo huku programu-jalizi nzito za kuchanganya (programu ndogo zinazoongezwa ndani ya ile ya kurekodi) zikiwa zimewashwa. Zizime, rekodi, ziwashe baadaye.

Kilele cha sauti inayoingia kiwe kati ya −18 na −10 dBFS (desibeli ambazo 0 ndio ukomo wa juu kabisa). Biti 24 zina nafasi ya kutosha chini, hivyo hakuna faida ya kurekodi kwa nguvu, lakini sauti iliyogonga 0 imeharibika na hairudi. Ukishapata mpangilio unaofaa, bandika kipande cha utepe kwenye kadi ya sauti na uchore alama pale pete ya kuongezea sauti ilipo. Ala iwe nje ya mkoba wake, kwenye stendi, waya umechomekwa.

Mkoba wa kamera uwe na betri mbili zilizojaa na kadi mbili tupu zilizofomatiwa ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta. Saa ya kamera iendane na ya simu, la sivyo picha za kamera mbili hazitapangika kwa wakati. Piga kwa RAW (faili ghafi ya kamera), ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) ya kujiendesha yenye kikomo cha 6400, kasi ya shata isiyopungua sekunde 1/250 kwa watu wanaotembea. Kwenye maonyesho ya muziki tumia shata ya kimakanika: taa za LED hupepesa, na shata ya kielektroniki hunasa mapepeso hayo kama mistari inayopita kwenye picha, mistari ambayo hakuna programu itakayoiondoa vizuri.

## Kuchagua picha kwa mikupuo

Hapa ndipo miradi mingi ya picha inapokufa, kwa hiyo inastahili maelezo zaidi. Picha 600 za siku moja zisichaguliwe kwa kikao kimoja.

Mkupuo wa kwanza: ndiyo au hapana tu, sekunde 2 kwa picha, bila kukuza. Hizo ni dakika 20. Usitoe nyota moja hadi tano. Nyota tano ni maswali matano kwa kila picha. Mkupuo wa pili ufanyike siku nyingine, ikiwezekana baada ya wiki. Aliyetoka kupiga picha bado anakumbuka alivyopanda ukuta kuipata ile moja, na anaichagua kwa jasho lake badala ya kwa picha yenyewe. Katika mkupuo huu ndipo unakuza hadi asilimia 100 kukagua kama macho yako wazi, na kutoka, tuseme, 120 zilizopita mkupuo wa kwanza unabaki na 40. Mkupuo wa tatu utoke kwenye skrini: chapisha zote 40 kwa ukubwa wa sentimita 10 kwa 15, zitandaze mezani au sakafuni, na uondoe hadi zibaki 15 au 20 zinazoongea pamoja. Kwenye skrini unaona picha moja kwa wakati, nzuri au mbaya. Zikitandazwa unaona kwamba nne zinasema jambo lilelile.

Kusahihisha kuanze baada ya hapo. Anayesahihisha kabla ya kuchagua hupoteza saa kwenye picha ambazo hazitatoka, kisha hazitupi kwa kuwa ameshazitolea jasho.

## Faili

RAW ya megapikseli 24 ina MB 25 hadi 50 kutegemea ilivyobanwa. Matembezi ya picha 600 ni GB 15 hadi 30. Traki ya upande mmoja ya biti 24 na kHz 48 ni karibu MB 8.6 kwa dakika, ya pande mbili mara mbili yake. Wimbo wa dakika nne wenye traki 20 za upande mmoja unakaribia MB 700, kabla ya majaribio yaliyorekodiwa mara nyingi. Kwa mwaka, mtu mwenye ratiba ya hapo juu atajaza GB 500 bila kujitahidi.

Kanuni ya 3-2-1 iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh bado inatosha: nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja nje ya nyumba. Kwa vitendo: diski ya ndani, diski ya nje inayonakiliwa kila usiku, na wingu. Tahadhari mbili. Huduma ya kusawazisha folda si nakala ya akiba. Ukifuta faili hapa, na kule inafutwa. Na katalogi ya programu ya picha haina picha ndani yake, ina maelezo na marekebisho tu. Hifadhi vyote viwili. Kila robo chagua mradi mmoja, urudishe kutoka kwenye nakala hadi kwenye folda mpya na uufungue. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni matumaini tu.

Majina ya folda yaanze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kisha neno moja au mawili: 2025-03-14_soko-asubuhi. Kompyuta itazipanga yenyewe. Na hapa neno kwa wahandisi: usiandike programu yako mwenyewe ya kupanga picha. Itakuwa nzuri, itakuchukua miezi mitano, na katika miezi hiyo hutapiga picha.

## Mkataba wa ajira

Mikataba ya kampuni za programu mara nyingi ina kipengele kinachompa mwajiri kila kitu unachokibuni. Vingine vimeandikwa kwa upana kiasi cha kumeza hata nyimbo. Kisome ukitafuta maneno matatu: "kazi zote", "wakati wowote" na "vifaa vya mwajiri". Kabla ya kutia sahihi ndipo una nguvu ya kujadili. Baada ya hapo bado inawezekana, kwa barua pepe fupi kama hii:

"Nje ya saa za kazi ninatunga na kurekodi muziki na kupiga picha, kwa vifaa vyangu na akaunti zangu. Kazi hizi hazihusiani na bidhaa za kampuni. Naomba uthibitisho wa maandishi kwamba hakimiliki zake zinabaki kwangu. Orodha ya kazi zilizokwisha kuwepo imeambatishwa."

Orodha iwe na majina ya nyimbo na mikusanyo ya picha pamoja na tarehe. Kama mkataba unadai utoe taarifa ya kipato cha nje, toa kabla ya malipo ya kwanza. Kama bidhaa ya mwajiri yenyewe inahusu sauti au picha, mwone mwanasheria, maana hapo mpaka ni mwembamba.

Vifaa ni suala la vitendo kuliko la sheria. Kompyuta ya kampuni inaendeshwa kwa mbali. Inaweza kufungwa au kufutwa siku ajira inapoisha, na siku hiyo hutapewa nafasi ya kunakili mradi wako wa wimbo. Programu zilizonunuliwa na mwajiri usizitumie kwa kazi ya kuuza. Picha ulizopiga ofisini zikague kabla ya kuzitoa: ubao wa nyuma ya mtu anayecheka mara nyingi una ratiba ya matoleo.

## Cha kuchukua kutoka kazini na cha kuacha huko

Chukua ukomo wa kazi zilizo wazi: mbili, wimbo mmoja na mfululizo mmoja. Wazo la tatu liandikiwe mstari mmoja au lirekodiwe sekunde 30 kwenye simu, lisubiri robo ijayo. Chukua pia maana ya "imekamilika", iliyoandikwa kabla ya kuanza. Kwa wimbo: faili ya mwisho ya WAV (sauti isiyobanwa) biti 24, toleo lisilo na sauti ya mwimbaji, kila kundi la ala likiwa na faili yake, maneno ya wimbo, karatasi ya mgawanyo wa haki na jalada. Kwa picha: mfululizo wenye mpangilio wa mwisho, maelezo, jina lako na hakimiliki ndani ya faili, na nakala za mtandaoni zenye upande mrefu wa pikseli 2048 katika rangi za sRGB, wasifu wa rangi wa kawaida mtandaoni. Ukipakia faili ya Adobe RGB, wasifu wenye rangi pana zaidi, mahali pasipoheshimu wasifu wa rangi, ngozi za watu zitafifia.

Acha kazini vipimo vya kila siku. Idadi ya wasikilizaji katika saa 48 za kwanza haikufundishi lolote la kufanyia kazi, ila inaharibu kipindi kinachofuata. Acha pia mazoea ya kutoa kipande kidogo kwanza ili kukijaribu sokoni. Nusu ya wimbo si wimbo mdogo. Badala yake, wape watu wawili wimbo mzima na swali moja lenye jibu, kwa mfano: "ni dakika ya ngapi ulipoacha kusikiliza maneno?" Ukiuliza "unaonaje?" utapata adabu.

## Kutoa wimbo bila kugongana na toleo la kazini

Pakia kwa msambazaji wiki nne kabla ya tarehe ya kutoka. Spotify inataka wimbo uwasilishwe kwa wahariri wake wa orodha angalau siku 7 kabla, na fomu yenye kosa moja la tahajia inaweza kurudishwa na kula siku kadhaa. Jalada ni mraba, pikseli 3000 kwa 3000, bila anwani za tovuti wala nembo za mitandao. Ukijua picha yako itakuwa jalada, iache na nafasi pande zote wakati wa kuipiga. Picha ya wima iliyojazwa hadi ukingoni haikatiki kuwa mraba bila kupoteza kichwa au miguu.

Spotify husawazisha nyimbo kuelekea −14 LUFS (kipimo cha nguvu ya sauti inavyosikika), hivyo kuubana wimbo hadi −7 hakuufanyi usikike kwa nguvu zaidi pale. Unashushwa tu, ukiwa umeshapoteza mapigo yake. Acha kilele halisi kisivuke −1 dB. Nambari ya ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, iandike mahali salama: ukihamia msambazaji mwingine utumie ileile, maana ndiyo inayoutambulisha wimbo.

Karatasi ya mgawanyo ijazwe siku ya kurekodi, si siku ya kutoka. Majina, asilimia zinazofika 100, sahihi. Utunzi na rekodi ni haki mbili tofauti. Ziandikiwe mistari miwili. Tarehe ya kutoka isiangukie wiki ya toleo lako la kazini wala ile inayofuata, kwa kuwa hitilafu za toleo hujitokeza siku chache baadaye.

## Masikio na vidole

NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, imeweka ukomo wa dB 85 kwa saa 8, na kila dB 3 zinazoongezeka hukata muda kwa nusu: dB 88 ni saa 4, dB 91 ni saa 2. Mikutano ya hedifoni inaingia kwenye hesabu hiyohiyo. Siku yenye mikutano mingi ya hedifoni, sikiliza kwa spika tu, kwa sauti ambayo unaweza kuongea juu yake bila kupaza. Anayechapa kibodi mchana na kupiga gitaa au piano jioni anatumia kano zilezile. Ganzi ya vidole inayobaki hadi asubuhi ni sababu ya kusimamisha ala na kumwona daktari, si ya kubadilisha nyuzi.

## Kazi ikimeza kila kitu

Itatokea: mfumo umeanguka, toleo limesogezwa, mwenzako ameacha kazi. Usiache mradi ukining'inia ukisema utarudi kesho. Ugandishe rasmi, kazi ya dakika 40.

1. Toa kila traki kama WAV nzima inayoanzia sekunde 0, pamoja na athari zake, na nyingine bila athari. Programu-jalizi zinaweza kukataa kufunguka baada ya mfumo wa kompyuta kusasishwa. WAV itafunguka popote.
2. Andika kasi ya mapigo, ufunguo, kiwango cha sampuli na kitendo cha kwanza cha kurudi.
3. Kwa picha, toa nakala ndogo za zilizochaguliwa hadi hapo, na uhifadhi katalogi.
4. Nakili vyote kwenye diski ya nje na kwenye wingu, kisha funga folda.
5. Weka tarehe ya kuamua, wiki sita mbele. Ya kuamua tu, si ya kuendelea.

Katika wiki hizo kiwango cha chini ni dakika 20 za ala mara mbili kwa wiki na kamera ndogo au simu mfukoni. Hakuna kuhariri. Mkono usipoteze mazoea, basi.

Tarehe ikifika, usifungue mradi wa kurekodi. Sikiliza mchanganyiko wa mwisho mara moja ukiwa unatembea, bila kalamu wala skrini. Picha zipitie mara moja kwenye simu. Ukijikuta unajua cha kufanya baadaye, fungua. Usipojua, toa kipande kimoja kinachofaa, gitaa la mwanzo au picha tatu, kiingie kwenye folda ya mawazo, na mradi uufunge kabisa. Nafasi yake kati ya zile mbili iko wazi tangu siku hiyo.